Cheti cha unukuzi wa kitabibu: kabla hujalipa dola, jua unanunua nini

Matangazo ya kozi za unukuzi wa kitabibu huwafikia vijana wa Mtwara na Lindi kupitia magrupu ya WhatsApp na kurasa za Instagram. Ujumbe wake karibu ni mmoja: lipia kozi, pata cheti cha kimataifa, fanya kazi za hospitali za Marekani ukiwa nyumbani Chikongola au Mtanda, ulipwe kwa dola. Ujumbe huo umefunga pamoja vitu vinne ambavyo kila kimoja kina mlango wake: kozi, cheti, kazi na malipo. Anayelipia kozi hajanunua cheti, anayepata cheti hajapata kazi, na aliyepata kazi bado ana hesabu ya kufanya kuhusu malipo. Tuvifungue kimoja kimoja.

Unukuzi wa kitabibu, ambao wengi mtandaoni huuita transkripsheni, ni kazi ya kusikiliza sauti ya daktari na kuigeuza kuwa ripoti ya maandishi. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani, wakimaliza kumhudumia mgonjwa, walisema maelezo yao kwenye simu au kinasa sauti, na mtu mwingine akayaandika. Ripoti za msingi ni nne: historia na uchunguzi wa mgonjwa anapolazwa, maoni ya daktari bingwa aliyeombwa ushauri, ripoti ya upasuaji, na muhtasari wa mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Kwetu utaratibu ni tofauti. Ukienda hospitali ya Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, daktari huandika mwenyewe, kwenye faili au kwenye mfumo wa kompyuta. Kwa hiyo cheti tunachokizungumzia kimetengenezwa kwa soko la nje, na thamani yake lazima ipimwe kwa soko hilo.

Sasa vyeti. Kuna karatasi za aina tatu, na wauzaji wengi hupenda zichanganyike.

Ya kwanza ni cheti cha kumaliza kozi. Kinasema ulisoma masomo fulani mahali fulani, basi. Kinaweza kuwa cha kozi nzito ya mwaka mzima au cha video za saa sita zisizo na mtihani, na kwa macho vyote viwili vinaweza kufanana, na muhuri wa dhahabu juu yake.

Ya pili ni cheti cha umahiri. Hiki hutolewa na chombo cha kitaaluma ambacho si lazima kiwe kimekufundisha, baada ya kukupima kwa mtihani wake, na huisha muda usipokihuisha. Kwa kazi hii vyeti vinavyojulikana zaidi vilianzishwa na chama cha wanukuzi wa kitabibu wa Marekani kiitwacho AHDI. Chama hicho kilizaliwa mwaka 1978 kwa jina la AAMT na kikabadili jina mwaka 2007. Vyeti vyake ni viwili. RHDS ni cha ngazi ya kuanzia. CHDS ni cha juu, na anayekitaka sharti awe na RHDS kwanza pamoja na uzoefu wa miaka miwili wa kunukuu ripoti za hospitali zenye wagonjwa wa fani nyingi, au uzoefu unaolingana na huo. Vyote huhuishwa kila baada ya miaka mitatu kwa kuonyesha kwamba umeendelea kujifunza.

Ya tatu ni leseni, yaani ruhusa ya serikali ambayo bila hiyo unavunja sheria ukifanya kazi. Daktari na muuguzi wanayo. Mnukuzi wa kitabibu hana, wala Marekani haimdai. Kwa hiyo mtu akikuambia sheria ya Marekani inakutaka uwe na cheti ndipo uruhusiwe kunukuu, amekudanganya au yeye mwenyewe amedanganywa. Mwajiri anaweza kukidai kama sharti lake. Sheria haikidai.

Kuna karatasi ya nne ambayo huuzwa sana na inastahili onyo la peke yake: cheti cha HIPAA. HIPAA ni sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ambayo, pamoja na mambo mengine, inalinda siri za wagonjwa. Waajiri wanapaswa kuwafundisha wafanyakazi wao sheria hiyo, na ni vizuri kuielewa. Lakini wizara ya afya ya Marekani haijaidhinisha cheti chochote cha HIPAA cha mtu binafsi. Somo la bure linakutosha, na mteja wa kweli atakufundisha upya kwa taratibu zake hata kama unazo karatasi kumi.

Watu wa huku wanajua namna daraja linavyofanya kazi. Korosho ya daraja la kwanza hupata bei nzuri mnadani kwa sababu mnunuzi aliyepo analitambua daraja hilo na yuko tayari kulilipia zaidi. Ichukue korosho hiyo hiyo kwa mtu asiyejua madaraja, atakupa bei ya gunia lolote. Cheti cha RHDS kiko hivyo hivyo. Kabla ya kuuliza kinagharimu kiasi gani, uliza ni mnunuzi yupi, kwa jina, anayekilipia zaidi.

Tufike kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea.

Wanukuzi wa kitabibu kwa kawaida hulipwa kwa mstari. Mstari huo hauhesabiwi kwa macho: ni herufi 65, nafasi zikiwemo. Ukiandika ripoti yenye herufi 6,500, umeandika mistari 100, hata kama kwenye skrini inaonekana mistari 80. Kwa makadirio ya kazini, dakika moja ya sauti ya daktari huzaa kama mistari 10. Sauti ya dakika kumi basi ni kama mistari 100. Mtu anayeanza anaweza kuhitaji saa mbili kuimaliza; aliyezoea ataimaliza chini ya saa moja.

Chukua mfano wa kubuni. Mteja anakulipa senti 4 za dola kwa mstari, nawe una kasi ya mistari 150 kwa saa. Hiyo ni dola 6 kwa saa. Tuseme gharama zote za cheti, kuanzia ada ya mtihani, vitabu, makato ya kadi ya benki hadi intaneti ya kufanyia mtihani, zinafika dola 300. Mteja akikuongezea nusu senti kwa mstari kwa sababu ya cheti, unapata senti 75 zaidi kila saa. Utahitaji saa 400 kurudisha fedha yako. Ukifanya kazi saa 20 kwa wiki, ni wiki 20, karibu miezi mitano, na hapo kazi isikatike hata wiki moja. Si mbaya. Lakini mteja asipoongeza chochote, hizo dola 300 hazirudi kamwe, na baada ya miaka mitatu unadaiwa tena uhuishe.

Geuza mfano. Mtu wa pili halipii cheti. Anatumia miezi hiyo kupandisha kasi kutoka mistari 100 hadi 150 kwa saa. Kwa senti zile zile 4, ameongeza dola 2 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya nyongeza ya mwenye cheti. Ndiyo sababu wanukuzi wazoefu huhangaikia vitu ambavyo matangazo hayavitaji kabisa. Kipo kikanyagio cha mguuni, kinachosimamisha na kurudisha sauti bila mikono kutoka kwenye kibodi. Zipo hedifoni zinazoziba masikio vizuri. Ipo programu ya vifupisho, ambayo ukiandika herufi tatu tu inamwaga sentensi nzima unayoirudia kila ripoti. Vitu hivyo hulipa kuanzia siku ya kwanza, kwa mteja yeyote.

Kasi bila usahihi lakini ni hatari, na hapa sitaki msomaji apite haraka. Kiwango ambacho kampuni nyingi hukitaka ni usahihi wa asilimia 98 au zaidi, na makosa hayana uzito sawa. Koma iliyokosewa hupunguza alama kidogo. Kosa la dawa, kipimo au upande wa mwili huweza kuifelisha ripoti nzima. Mwaka 2012 jopo la mahakama huko Alabama liliamuru familia ilipwe dola milioni 140 kwa kifo cha mgonjwa: muhtasari wake wa kuruhusiwa, uliokuwa umenukuliwa nje ya Marekani, ulionyesha uniti 80 za insulini badala ya uniti 8. Tofauti ni sufuri moja tu.

Makosa ya namna hii yana sababu zinazojulikana. Fifteen na fifty husikika karibu sawa kwenye simu mbovu. Ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ilium ni mfupa wa nyonga, na hutamkwa vilevile. Dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia ni shida ya lugha. Hospitali za Marekani zina hata orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku: herufi U kwa maana ya uniti, kwa sababu ikiandikwa vibaya husomeka kama sufuri au nne, sufuri inayofuata nukta, kama 1.0, kwa sababu nukta ikifutika inakuwa 10. Na nukta isiyotanguliwa na sufuri, kama .5, kwa sababu inageuka 5. Mnukuzi mzuri anazijua hizi kwa moyo. Na anapokuwa hajasikia, hakisii: huacha pengo, huweka dakika na sekunde ya mahali penyewe, na humrudishia daktari ajaze. Mwanafunzi anayeona aibu kuacha pengo hafai kazi hii mpaka aibu hiyo imtoke.

Hapa ndipo cheti cha umahiri kina hoja yake ya haki. Kujiandaa kwa mtihani wa kweli hukulazimisha kusoma mambo haya yote kwa mpangilio: dawa, majina ya viungo, vipimo vya maabara, muundo wa ripoti. Mtu asiye na mwalimu hufaidika sana na mpangilio huo. Lakini orodha ya mada zinazopimwa unaweza kuifuata bila kulipia mtihani. Ripoti za mfano zipo bure kwenye tovuti ya MTSamples, na anayetaka kusoma anatomia kwa utaratibu atapata vitabu vinavyosomwa na wanafunzi wa uuguzi.

Jipime kabla ya kulipa. Tafuta ripoti ya mfano, umpe mtu anayejua Kiingereza vizuri airekodi kwa kasi ya kawaida, dakika kumi hivi, bila wewe kuisoma kwanza. Inukuu. Andika muda uliotumia. Hesabu herufi pamoja na nafasi, gawa kwa 65, utapata mistari. Kisha linganisha na ripoti ya asili neno kwa neno. Katika maneno 1,000, makosa 20 yanakuweka kwenye asilimia 98. Ukikuta makosa 60 na kasi ya mistari 40 kwa saa, mtihani wa kulipia haukuhusu bado. Rudia jaribio kila wiki kwa sauti tofauti, na uchague pia sauti za watu wenye lafudhi ya Kihindi, Kinaijeria na Kihispania, kwa sababu madaktari wa Marekani si Wamarekani watupu.

Sasa swali ambalo limechafua maji: mashine. Wapo wanaosema kazi hii imekufa, wapo wanaosema haijaguswa. Ukweli uko katikati, na umeelemea upande usiopendeza. Programu za kutambua sauti zimechukua sehemu kubwa ya kuandika. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Nuance, kampuni yenye programu kubwa ya sauti za madaktari, mwezi Machi 2022, na sasa zipo programu zinazosikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa na kuandika ripoti zenyewe. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani imekuwa ikitabiri kwamba ajira za wanukuzi zitaendelea kupungua. Kilichobaki kwa wingi ni uhakiki: mashine inaandika, binadamu anasikiliza na kurekebisha. Malipo ya uhakiki kwa mstari huwa madogo kuliko ya kunukuu kuanzia mwanzo, mara nyingi karibu nusu. Kazi yenyewe inataka macho makali zaidi, maana mashine hukosea kwa kujiamini. Huweza kudondosha neno “hapana” na kumgeuza asiye na homa kuwa mwenye homa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ulikuta kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti ilibuni maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Kwa maana hiyo, anayenunua cheti leo ananunua mali ya soko linalopungua. Hiyo haimaanishi asinunue. Inamaanisha muda wa kurudisha fedha lazima uwe mfupi, miezi na si miaka.

Kuna vikwazo vingine ambavyo cheti hakivigusi hata kidogo. Cha kwanza ni mipaka. Baadhi ya mikataba ya huduma za afya zinazolipiwa na serikali huko Marekani hukataza taarifa za wagonjwa kutoka nje ya nchi. Hofu hiyo ina historia: mwaka 2003 mnukuzi mmoja huko Karachi, akidai hajalipwa, alitishia kuweka mtandaoni rekodi za wagonjwa wa hospitali ya California. Mkataba ukisema kazi ifanyike ndani ya Marekani, CHDS yako haitakusaidia. Cha pili ni muda. Daktari wa New York akimaliza kurekodi saa kumi na moja jioni, hapa ni saa saba usiku, au saa sita wakati wa majira yao ya joto. Ripoti za kawaida hutakiwa ndani ya saa 24, za dharura ndani ya saa chache. Cha tatu ni umeme na mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya nchi nzima ikayumba. Anayefanya kazi hii kwa uzito ana betri ya akiba na laini za mitandao miwili. Mtihani unaofanyika mtandaoni mbele ya kamera unadai hayo hayo: uliza kabla ya kulipa nini hutokea mtandao ukikatika katikati, na kama ada ya kurudia ni kamili.

Na faragha. Hapa nyumbani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kunukuu ripoti ya mgonjwa ukiwa intaneti kafe, au kwenye kompyuta ambayo wadogo zako wanaitumia kuangalia filamu, ni kuhatarisha siri za mgonjwa, iwe una cheti au huna.

Basi nani alipe? Aliye tayari kazini, mwenye mteja wa Marekani anayeruhusu kazi kufanyika nje, na ambaye mteja huyo ameandika, si kusema, kwamba mwenye cheti hulipwa kiasi fulani zaidi au hurudishiwa ada. Huyo alipe, na alipe mapema. Anayeanza asilipe. Atume barua pepe kwa kampuni tatu au nne anazotaka kuzifanyia kazi, aulize mambo matatu tu: mnapokea wanukuzi walioko Tanzania? Mnadai cheti gani? Mwenye cheti hicho mnamlipa kiasi gani kwa mstari kuliko asiye nacho? Wakijibu kwamba wanachotaka ni kufaulu jaribio lao wenyewe, amepata jibu bila kutoa shilingi. Jaribio la mwajiri wa kweli ni la bure. Anayekudai ada ili akupe jaribio la kazi, mwache. Na akifikia hatua ya kulipia cheti, afungue tovuti ya chama chenyewe, si ya wakala, aone kama mtihani uko wazi kwa walio nje ya Marekani na ada ya mwaka huu ni kiasi gani.

Kwa anayetaka karatasi yenye thamani hapa hapa, Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Mtwara. Matangazo ya ajira ya makatibu muhtasi serikalini yamezoea kudai hatimkato, yaani maandishi ya mkato ya kuandikia kwa kasi, ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 100 kwa dakika, na hapo cheti kweli ni sharti: bila hicho, barua yako haifiki kwenye usaili.

Lakini kuna soko jingine ambalo nadhani vijana wa Kusini wanalipita bila kuliona. Watafiti wa afya hurekodi mahojiano na mijadala ya vikundi vijijini, wakizungumza na kina mama wa Tandahimba, wazee wa Ruangwa, wauguzi wa Nanyumbu, na rekodi hizo lazima zinukuliwe kwa Kiswahili na mara nyingi zitafsiriwe kwa Kiingereza. Wazungumzaji huchanganya Kimakonde, Kimwera au Kiyao ndani ya Kiswahili, na hapo programu za kutambua sauti hukwama. Malipo hupatanwa kwa saa ya sauti, si kwa saa ya kazi, kwa hiyo sikiliza dakika tano za rekodi kabla ya kutaja bei: kikundi cha watu wanane wanaoongea kwa pamoja chini ya mwembe huchukua muda maradufu ya mahojiano ya mtu mmoja ndani ya chumba. Andika kila mzungumzaji kwa namba, si jina. Maneno ya Kimakonde yaache yalivyo, kisha weka Kiswahili chake chini. Pasiposikika weka alama na muda. Mtafiti hatakuuliza cheti. Atakuomba kurasa mbili za kazi yako, nawe uwe nazo tayari, za rekodi uliyoitengeneza mwenyewe, isiwe ya mgonjwa wala mteja wa mtu mwingine.